Shule ya Mashati Meupe

Dobi, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakumwamini mtu kabla ya kuiona kola ya shati lake. Haikuwa dharau, ndivyo alivyolelewa. Baba yake naye alikuwa dobi, na tangu angali mtoto anayesimama juu ya debe ili aifikie meza ya kupigia pasi, mzee alimwambia kwamba mdomo unaweza kufundishwa kusema lolote, lakini nguo haifundishiki. Mlevi utamjua kwa kifua cha shati lake, mvivu kwa makalio ya suruali, na mtu asiyependwa nyumbani kwake utamjua kwa vifungo.

Na mara nyingi alipatia. Mwanamume mmoja alipokuja kumposa dada yake, Dobi alimwomba shati alilosafiri nalo ili amfulie kwa heshima ya ugeni. Aliligeuza ndani nje, akakuta kila kifungo kimeshonwa kwa uzi wa kurudia, na fundo limefichwa lisimchune mvaaji. Akatoka nje akasema huyu ana mke, tena mke anayempenda. Wakamcheka. Walipoulizia, wakaletewa habari za mke na watoto. Tangu hapo ikawa desturi ya ukoo: hapokelewi mkwe, mpangaji wala mshirika kabla nguo yake haijapita juu ya meza ya Dobi. Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, mtu wa maneno makali, alikuwa akisema hata malaika akishuka na ujumbe kutoka mbinguni, mdogo wake atamwambia subiri kwanza, geuka niione kola.

Mkewe alifanya kazi naye kibandani, akishona vifungo na kutia viraka. Walikaa muda mrefu bila mtoto, kisha wakajaliwa binti. Uzazi ulikuwa mgumu. Mtoto alichelewa kulia, na daktari akawaeleza kwamba ubongo ulikosa hewa, kwamba atachelewa mambo mengi na mengine hatayafikia kabisa. Alizaliwa amekunja ngumi kama watoto wote, lakini ngumi zake hazikukunjuka. Akafika umri wa kutembea, akatembea kwa kuegemea upande mmoja, hasemi, na vidole vyake vimevifunika vidole gumba kama vinavificha.

Aliyezifungua ngumi hizo ni baba yake, wala hakukusudia. Siku moja ya baridi alimpa kitambaa cha mkono kilichotoka tu kwenye pasi, ajipashe moto. Joto lilipoingia kiganjani, kidole kimoja kiliinuka, kikafuata cha pili. Dobi alikaa akitazama mpaka pasi ikaanza kuunguza kitambaa cha meza. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla hajagusa nguo ya mteja, alipiga pasi vitambaa viwili, akajaribu joto kwenye shavu lake mwenyewe, akaviweka katika viganja vya binti yake. Mikono ilifunguka kidogo kidogo, kama mlango wenye kutu. Ikaanza kushika. Ikaanza kukunja. Mtoto alikuwa akikilaza kitambaa juu ya goti, akikutanisha ncha na ncha, halafu anapitisha kidole gumba juu ya mkunjo, taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Dobi alimaliza shati zima naye bado yuko kwenye kitambaa kile kile, lakini alipokiachia kilikuwa kimekunjwa. Baba yake akamwita Bibi Mikunjo. Wateja nao wakalishika jina hilo, na baadhi yao wakawa wanaleta vitambaa ambavyo havikuwa hata na uchafu, mradi wamwone Bibi Mikunjo akiwa kazini.

Hospitalini kulikuwa na mama wa mazoezi ya viungo, na ndiye aliyewapa neno ambalo baadaye hawakuweza kulisahau. Aliishika mikono ya mtoto, akaigeuza huku na huku, akasema, "Huyu akili yake iko hapa. Kwa mikono hii atakula, atavaa, na siku moja atawaambieni anachotaka. Mtafutieni shule itakayoifanyisha kazi kila siku. Ikiachwa itajifunga, na ikijifunga mara ya pili haifunguki."

Shule ya mtaani kwao haikuwa na mwalimu wa elimu maalumu. Mwalimu mkuu alimpokea mtoto kwa huruma, akamweka dawati la nyuma karibu na ndoo ya maji, na kabla muhula haujaisha akamwita Dobi akamweleza kwamba wazazi wanalalamika, mtoto anawashika wenzake nguo na nywele. Dobi alijua alichokuwa akikifanya. Alikuwa anatafuta kitu cha kukunja. Hakueleza, alimshika mkono binti yake wakarudi nyumbani.

Hapo ndipo mume na mke walipoanza kuongea habari za kuhama. Halikuwa jambo dogo. Katika mji ule ndiko baba yake Dobi alikozikwa, na ndiko watu walikomwachia nguo wakaenda zao bila kuuliza zitakuwa tayari lini. Waliulizia kwa mama wa mazoezi, wakauliza kwa wazazi waliokutana nao kwenye foleni za hospitali, mwisho wakabakiwa na shule mbili zenye kitengo cha watoto kama binti yao. Moja ilikuwa katika mji wa mlimani, nyingine katika mji wa stesheni, na kila mji ulikuwa safari ya siku nzima, mmoja mashariki na mwingine magharibi.

Kaka mtu alipopata habari alikuja akaketi juu ya furushi la nguo chafu. Alimtazama mtoto, akasema bila kushusha sauti, "Mdogo wangu, unahamisha nyumba nzima kwa ajili ya mtoto ambaye hata hajui nyumba iko wapi."

Mke wa Dobi alikata uzi kwa meno. "Shemeji, wewe unajua nyumba zako ziko wapi zote mbili, na hakuna hata moja wanakokuona."

Dobi aliangua kicheko, kaka naye akacheka kwa kulazimika. Aliongeza tu kwamba mchagua nazi hupata koroma, akapanda lori lake akaondoka.

Walianza na mlimani. Kitengo chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya shule ya kawaida, na walipoingia walimkuta mwalimu amepiga magoti sakafuni, amevaa aproni ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Watoto walikuwa wamelizunguka beseni la udongo wa mfinyanzi. Mmoja alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Mwingine shati lake lilikuwa na rangi ya kuchorea, na mwingine alivaa chakula cha leo juu ya chakula cha jana. Dobi aliona pale madoa ya kila aina anayoijua, na mawili matatu ambayo hajawahi kukutana nayo maishani. Mwalimu Aproni, ndivyo walivyomwita baadaye, hakuwapa mkono kwa sababu mikono yake ilikuwa na tope. Aliwasalimu kwa kichwa, akamchukua mtoto akamketisha katikati ya wenzake.

Bibi Mikunjo alilitazama beseni. Akatia mkono mmoja, akautoa, akautazama. Akatia yote miwili. Kisha akacheka, kicheko kinene cha kutoka tumboni, ambacho mama yake alikuwa hajakisikia siku nyingi. Gauni lililotiwa wanga na kupigwa pasi kwa ajili ya safari lilikuwa tope mpaka kiunoni.

Mwalimu Aproni aliwaambia ana nafasi moja, mtoto mmoja amehamishwa na wazazi wake. Kuna wengine wanaoitaka, lakini kwa mikono aliyoiona atawashikia wao mpaka Ijumaa. Alipoinama kumfuta mtoto uso, Dobi aliiona kola yake. Ilikuwa na mstari mweusi. Dobi alishukuru, akaaga.

Mji wa stesheni walifika siku mbili baadaye. Mwalimu mkuu alikuja kuwapokea getini, na mkunjo wa suruali yake ulishuka toka kiunoni hadi kiatuni bila kuyumba. Nyuma yake alisimama matroni, kitambaa cheupe kichwani. Huko watoto walikuwa wameketi juu ya mabenchi, safu kwa safu, mashati meupe, sketi na kaptula za buluu, marinda yamepangika kama kurasa za kitabu kipya. Waliketi wima. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeshika kitu. Mikono yao haikuonekana. Dobi alipita nyuma ya safu moja akiangalia kola, akapita ya pili. Kola zote zilikuwa safi. Alimuuliza matroni nani anafua, naye akamwambia shule ina dobi wake. Mtoto anafika na nguo za nyumbani, anavalishwa sare getini, na jioni anaiacha. Sare hurudi nyumbani wakati wa likizo tu, ili zitazamwe kama zinahitaji kushonwa.

"Sijawahi kuona watoto safi hivi," Dobi alisema, na alimaanisha.

"Hapa mtoto akichafuka," matroni alimjibu, "tunamuuliza mwalimu wake, ulikuwa wapi?"

Wakati huo Bibi Mikunjo alikuwa ameushika upindo wa gauni la matroni, anajaribu kukutanisha ncha na ncha. Matroni aliendelea kutabasamu. Aliinama, akavibandua vidole vya mtoto kimoja kimoja, kama mtu anayejitoa miba.

Walibishana kwenye benchi la stesheni, mtoto amelala mapajani mwa mama yake. Mke alisema moyo wake uko mlimani. Dobi alimuuliza shule gani ile isiyo na hata kipande cha sabuni, mwalimu ambaye hajiheshimu kwa nguo atamheshimu vipi mtoto wa mwenzie? Kizuri chajiuza, alisema. Hapa umeona mwenyewe.

"Mwanangu alicheka kule," mke alisema.

"Kucheka si shule, mama."

"Na kukaa ndiyo shule?"

Dobi hakukasirika. Alimwambia kwa upole kwamba yeye hajui kusoma vitabu vya wataalamu, lakini kazi hii ya nguo Mungu ndiye aliyempa, na haijawahi kumdanganya. Mtoto asiyesema hawezi kuja nyumbani kulalamika. Kitakachomsemea ni nguo. Pale penye nguo safi pana mtu anayemwangalia mtoto. Penye uchafu, ameachwa. Mke alikuwa ameolewa katika desturi ile, na alikuwa ameiona ikipatia mara nyingi mno. Angeipinga kwa kitu gani? Kwa kicheko?

Kabla hajaamua, Dobi alifunga na kuomba. Alimwomba Mungu amwonyeshe ishara. Mungu hakumnyima, ishara alikuwa ameshapewa, imempaka binti yake tope mpaka kiunoni, lakini yeye alikuwa anaitafuta mahali pa mashati. Ijumaa ilipofika walikuwa wanafunga mizigo kwenda stesheni.

Kaka mtu ndiye aliyewabeba na lori lake, kwa masimango njia nzima, ila hakuwatoza kitu. Walipanga chumba kimoja na kibaraza, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Dobi akaweka meza yake pale barazani, akawasha mkaa wa pasi, akaanza upya katika mji usiomjua. Wateja walikuja mmoja mmoja. Kila asubuhi alimpeleka Bibi Mikunjo mpaka getini, na kila jioni matroni alimrudisha amenawishwa uso, gauni lake la nyumbani halina hata vumbi. Dobi aliwaonyesha wateja. Alisema, mtazameni, ametoka shule huyo, mngedhani anatoka ibadani.

Wa kwanza kuona kasoro alikuwa mama mtu. Mtoto aliporudi jioni hakwenda tena mezani kwa baba yake. Aliketi palepale alipoketishwa. Vitambaa vya moto vya asubuhi vikawa vimesahauliwa, kwanza kwa sababu getini mlango ulifungwa mapema, halafu kwa sababu mtu huacha jambo siku moja, ya pili halimsumbui. Mama alimwekea kitambaa gotini. Kilikaa gotini mpaka kikaanguka.

Alimwambia mumewe. Dobi alisema mtoto amechoka, masomo si mchezo.

"Hajachoka huyu," mke alisema. "Amezimwa."

Kwa mara ya kwanza Dobi alimpandishia mkewe sauti. Alimwambia anatafuta sababu ya kurudi kwenye lile beseni lake la tope. Mke akaendelea kushona vifungo.

Muhula ulipokwisha, matroni alimrudisha Bibi Mikunjo pamoja na furushi la sare, limefungwa vizuri kwa kamba. Dobi alilipokea kwa furaha. Alikuwa ameingoja siku hiyo. Alitaka aitazame kazi ya wenzake, aone wanatumia wanga wa namna gani. Alifuta meza, akatandaza shati kwanza. Shati lilikuwa zuri. Viwiko vilikuwa vipya kama vilivyotoka dukani. Mwisho wa mikono, pale ambapo nguo ya mtoto yeyote huanza kuchakaa kwa kuburuzika mezani, uzi haukuwa umesuguliwa hata kidogo. Dobi alitabasamu, kisha tabasamu likapungua. Hata mtoto wa mfalme husugua viwiko.

Akaitandaza sketi. Mbele ilikuwa buluu ile ile ya siku ya kwanza. Akaigeuza.

Nyuma ilikuwa inang'aa. Dobi aliujua ule mng'aro. Aliuona kila wiki kwenye suruali za madereva na za makarani. Hung'aa hivyo nguo iliyokaliwa kutwa, siku nenda siku rudi, bila mtu kuinuka. Lakini alikuwa hajawahi kuuona kwa mtoto. Na chini yake kidogo, pale mapaja yanapoanza, palikuwa na mabaka mawili, kulia na kushoto, kitambaa kimeliwa mpaka kimekuwa chepesi. Kila baka lilikuwa na vituta vinne vilivyojipanga. Dobi aliviwekea vifundo vya vidole vyake mwenyewe. Vilikuwa vikubwa, havikuingia. Akamgeukia binti yake.

"Bibi Mikunjo, njoo ukae hapa kwa baba."

Alimwekea kigoda. Mtoto alikuja kwa mwendo wake wa upande, akaketi. Wala hakungoja kuambiwa. Aliinua paja moja akasukumiza mkono chini yake, akainua la pili akasukumiza mkono mwingine, akawa wima, akatazama mbele.

Mke wa Dobi alikuwa mlangoni na sindano mkononi. Aliona yote. Alikwenda akamwinua mtoto, akaivuta mikono ile nje, akajaribu kuikunjua. Vidole vilikuwa vimerudi juu ya vidole gumba.

Dobi alikwenda shuleni na sketi kwapani. Walimu walikuwa wameondoka likizo, ila matroni alikuwepo anahesabu mashuka. Dobi aliitandaza sketi mbele yake, akamwonyesha kwa kidole. Matroni hakuona haya, maana hakuona kosa. Alimweleza kwa subira kwamba watoto hawa wanashikashika. Wanatia vidole mdomoni, wanavuta nguo za wageni. Huwezi kuwafundisha mengi, lakini kutulia wanaweza. Mtoto akishakaa juu ya mikono yake mwaka mmoja, hahitaji tena kuambiwa, na huyu wake alishika upesi kuliko wote.

"Kwani baba," alimuuliza, "si ndicho ulichokisifia wewe mwenyewe siku ya kwanza?"

Dobi aliikunja sketi kwa mikunjo yake, akaiweka kwapani, akaondoka.

Shule zilipofunguliwa walikwenda tena mlimani, watatu, safari hii bila mizigo. Mwalimu Aproni aliwakumbuka. Alipiga magoti mbele ya Bibi Mikunjo akaomba mikono, na mtoto alipoketi na kuikalia, mwalimu alibaki ameinua yake hewani. "Mbona hii ilikuwa imefunguka?" aliuliza. Dobi alimwomba nafasi. Alimwambia watalala hata stooni, atafua aproni zote za shule bure mpaka mwisho wa maisha yake. Mwalimu alimwonyesha msichana mmoja karibu na beseni, anafinyanga kitu chenye masikio. Huyo ndiye aliyeingia Jumatatu ile, alisema, baada ya Ijumaa niliyowangoja. Walio nyuma yake ni wengi. Siwezi kumtoa mtoto ili nimweke mtoto.

Aliwapa wakati wake hata hivyo. Alimwelekeza mama namna ya kuinyoosha mikono nyumbani. Kisha akampa Bibi Mikunjo bonge la udongo. Bibi Mikunjo hakulitazama. Alitazama mbele, kama alivyofundishwa.

Wakiwa wanangoja gari la kurudi, Dobi alimwambia mkewe amtukane basi, aseme, moyo wake upoe. Mke alikuwa anafuta uso wa mtoto ambao haukuwa na uchafu wowote.

"Nikutukane ili upate nafuu?" alisema. "Mimi nilimwona akicheka. Wewe ukaona tope. Basi."

Hakulirudia tena neno hilo maisha yao yote, na Dobi angetoa chochote ili alirudie.

Hawakumrudisha mtoto kwenye mashati meupe. Mji wao wa zamani nao haukuwa na cha kumpa, na kibanda kilikuwa kimeshachukuliwa na muuza viatu. Wakabaki stesheni, mahali walipohamia kwa ajili ya shule, bila shule. Kaka mtu alipopita na lori hakutaja koroma wala nazi. Alimletea mtoto mwanasesere, akamwekea mapajani, akamtazama jinsi alivyokaa, akatoka nje akavuta sigara. Pengine ni yeye peke yake aliyekuwa na huruma ya kunyamaza.

Dobi alirudia vitambaa vya moto. Kila asubuhi, viwili, kwanza kwenye shavu lake. Aliivuta mikono ya mtoto kutoka chini ya mapaja, akavitia viganjani, akaifunika kwa mikono yake mwenyewe mpaka joto liishe. Akiachia tu, mtoto aliinua paja moja, kisha la pili. Siku nyingine Dobi alimtoa uani, akamkalisha kwenye tope lililoachwa na maji ya kufulia, akampaka gauni zima kwa mikono yake, akilia na kumwambia chafuka mwanangu, chafuka. Mtoto alikuwa akilia naye, kwa sababu alijua tope ni kosa. Mkewe aliwakuta hivyo mara moja. Aliwaosha wote wawili.

Alisali sana miaka ile. Hakumlaumu Mungu, na hilo linafaa lisemwe, maana wapo waliomlaumu kwa niaba yake. Alisema Mungu hakumdanganya. Alimpa macho ya kusoma nguo, yeye akayatumia kumsoma mtoto. Lakini mazoea ni mazoea. Mteja akimletea shati bado aliligeuza, akaiangalia kola, kisha akaliachia mezani kana kwamba limemuunguza. Watu wa ukoo wakituma shati la mchumba fulani, alilirudisha limefuliwa, halina jibu.

Kifua kilimwanza kidogo kidogo, moshi wa mkaa wa miaka yote ile. Hakutaka kulala kitandani. Mchana mmoja mkewe alisikia harufu ya kuungua barazani. Alimkuta ameegemea meza, shavu juu ya shati la mteja, na pasi imesimama palepale mkono ulipoiachia. Ndilo shati pekee alilopata kuunguza tangu awe dobi. Mwenye shati alipokuja kulichukua alikataa kulipwa; alilikunja akaondoka nalo.

Watu wa msibani walijaa chumba na kibaraza. Wanawake waliketi chini, na katikati yao, karibu na ukuta, wakamketisha Bibi Mikunjo kwenye kigoda chake. Alikaa wima tangu asubuhi. Watoto wengine walikimbia, wakagombana, wakafukuzwa, yeye hakutikisika. Mama mmoja mgeni alimwambia mwenzake, mtazame yule, adabu iliyoje. Mwenzake akasema ndiyo malezi hayo, marehemu alikuwa mtu safi sana.

Mke wa marehemu alisikia. Aliinuka, akaenda mezani, akachukua kitambaa cha mkono cha mumewe. Hakikuwa kimepigwa pasi, nani angekipiga? Kilikuwa kimejikunjakunja kama kilivyotoka mfukoni mwake siku ile. Akauvuta mkono mmoja wa binti yao, akakitia kiganjani, akavifunga vidole juu yake, akarudi kuketi.

Bibi Mikunjo aliinua paja lake, akaurudisha mkono mahali pake, na kitambaa kikabaki kati ya mkono na kigoda.

Jioni, walipomwinua ili wamlishe, kitambaa kilibaki juu ya kigoda. Mama yake alikiokota. Kilikuwa kimenyooka kama kilichopigwa pasi, na bado kilikuwa na joto.